Mama, Wewe Huna Hoja Hapa

Picha hii wengi wetu tunaijua. Mzazi amealikwa kwenye mkutano wa bodi ya shule, eti aje asikilizwe. Anaeleza kwa utulivu: vyoo vya wasichana havina maji, na binti yake hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Wajumbe wanatikisa vichwa kwa huruma. Mwishowe mama anasema, "Basi naomba tupitishe leo, tanki linunuliwe." Mwenyekiti anamjibu kwa upole, "Mama, wewe huna hoja hapa. Wewe ni mgeni wetu." Mama anakaa. Chai inaletwa. Kwenye kumbukumbu inaandikwa: mzazi alisikilizwa.

Je, mwenyekiti alikosea? Jibu letu huenda lisiwapendeze wengi. Kwa kanuni, hakukosea. Waliokosea ni wajumbe waliokuwa wamekaa kando yake kimya.

Tuanze na kanuni. Hoja si maoni, wala si malalamiko. Hoja ni pendekezo ambalo bodi lazima ilijadili, ilipigie kura, kisha ilitekeleze. Ndiyo maana hutolewa na mjumbe peke yake, kwa sababu mjumbe ndiye atakayeulizwa kesho pesa zilienda wapi. Mgeni, mwalikwa au mtaalamu aliyeitwa kutoa ushauri anaweza kuzungumza akiruhusiwa, lakini hawezi kuifunga bodi kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hatalijibia. Ukifungua mlango huo kwa mama mwenye shida ya kweli, umeufungua pia kwa tajiri wa mtaa atakayeingia na watu wake ishirini na kupitisha anachotaka. Kanuni hii inamlinda mnyonge pia.

Hata Bunge letu liko hivyo. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Lakini hoja ndani ya ukumbi inatolewa na mbunge. Mwananchi analeta ombi, mwakilishi analibeba. Hapo kwa "analibeba" ndipo bodi zetu nyingi huvunjika.

Na tusidharau mambo haya ya utaratibu tukisema ni maneno ya mawakili. Kumbukeni kesi ya hijabu ya shule ya Isiolo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kwa upande wa wanafunzi. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi ule. Kwa sababu gani? Mzazi aliyeomba haki ile hakuwa mlalamishi wala mshtakiwa kwenye kesi. Aliingia kama mhusika mwenye maslahi tu, na ombi lake halikuletwa kwa njia iliyotakiwa. Swali lenyewe la hijabu liliachwa bila jibu, anayetaka aanze upya Mahakama Kuu. Miaka ya mahakama, kisha inaulizwa: wewe uliyeleta jambo hili, ulikuwa na nafasi ya kulileta? Kama swali hilo linaweza kuangusha kesi kubwa hivyo, litashindwaje kuangusha tanki la maji?

Sasa, ndani ya bodi ya shule nani mwenye nafasi hiyo? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataja wajumbe: sita wanaochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii, watatu wa mfadhili wa shule, mmoja wa walimu, mmoja anayeteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa makundi maalum na mmoja wa watu wenye mahitaji maalum. Yuko pia mwakilishi wa baraza la wanafunzi, anayeingia kwa cheo chake. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Hebu hesabu tena. Wawakilishi wa wazazi ni sita. Mama alisimama peke yake mbele ya watu sita walioingia pale kwa jina lake, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naichukua hoja ya mama iwe yangu." Sentensi moja tu! Mwingine angeunga mkono, kura ingepigwa, na kumbukumbu zingeandika uamuzi badala ya huruma.

Kuna swali jingine linalozua ugomvi kwenye kamati zetu: mwenyekiti mwenyewe anaweza kutoa hoja? Kitabu cha kanuni za mikutano cha Henry Robert, Mmarekani aliyekichapisha mara ya kwanza mwaka 1876, kinatenganisha mambo mawili. Kwenye mkutano mkubwa mwenyekiti hukaa kando ili awe mwamuzi wa haki. Kwenye bodi ndogo, ya watu kama kumi na wawili au pungufu, anaweza kutoa hoja na kupiga kura kama mwenzake yeyote. Hiyo si sheria ya Kenya, lakini ni busara. Kibaya ni mwenyekiti kuwa na hoja zote yeye, halafu kila hoja ya mwingine aiambie "haipo kwenye ajenda".

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Hatutaki kanuni ivunjwe. Tunataka itumike.

Kwa wewe mwenye jambo: usingoje siku ya mkutano. Liandike kwa ukurasa mmoja, taja unachotaka kipitishwe, mpelekee mwakilishi wako kabla ajenda haijafungwa. Muulize wazi, "Utalitoa kama hoja, ndiyo au la?" Tafuta na wa pili wa kuunga mkono.

Kwa wewe mjumbe: kiti hicho si cha heshima ya harusini. Kama miaka miwili imepita na hujatoa hoja hata moja, umekalia nafasi ya mtu.

Na kwa kila chama, kamati na shule: andikeni kwenye katiba yenu nani anatoa hoja, anayeingia kwa cheo ana haki gani, na ombi lililotiwa saini na wanachama kadhaa liwekwe kwenye ajenda kwa lazima. Katiba ikiwa kimya, mwenye sauti kubwa ndiye anayekuwa katiba.

Mkutano ujao wa shule ya mtoto wako ni lini? Na mwakilishi wako ni nani? Kama hujui jibu la pili, anza hapo.