Ila ya Pua na Kosa la Macho

Mwanadamu hauoni uso wake. Huiona mikono yake, miguu yake na kivuli chake. Lakini uso, ambao kwa huo watu humjua na kumwita, huupokea kwa mkopo kutoka katika kioo, katika picha na katika vinywa vya wengine. Kwa hiyo mtu ajuaye kwamba pua yake ni pana, au kwamba masikio yake yametokeza, hakuzaliwa na elimu hiyo. Alifundishwa. Mtoto wa miaka mitatu hana pua mbaya; ana pua ya kupumulia. Miaka hupita, na siku moja darasani au uwanjani mwenzake humpa lakabu, wengine hucheka, na tangu siku hiyo kiungo kilichokuwa hakina habari hugeuka kuwa mzigo. Pua haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni macho yanayoitazama.

Zamani mzigo wa namna hii ulibebwa kimya mpaka umri ulipouondoa. Siku hizi una dawa inayouzwa. Upasuaji wa urembo, ambao hapo kale ulikuwa anasa ya matajiri wa mbali, sasa unanadiwa katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki pia, na kijana mwenye kinundu kidogo juu ya pua hukaa usiku akihesabu akiba yake. Watetezi wa biashara hii wana maneno mafupi: mwili ni wa mwenyewe, fedha ni zake, na kisu ni hiari yake. Maneno hayo yana sauti ya uhuru, na kwa sababu hiyo yamewanyamazisha wengi ambao wangepaswa kusema. Lakini sauti ya uhuru si uhuru. Dai la kupingwa hapa ni kwamba ila ndogo ya mwili ni kosa la mwili, na kwamba chumba cha upasuaji ndicho mahakama inayofaa kulikata shauri hilo.

Haki na itangulie. Upasuaji wa kutengeneza viungo ni sanaa yenye heshima kubwa. Waganga wa India ya kale walijua kumtengenezea pua mtu aliyekatwa pua kwa adhabu. Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alichapisha kitabu juu ya sanaa hiyo mwaka 1597. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwashughulikia huko Sidcup, Uingereza, maelfu ya askari ambao risasi na mizinga iliwaharibu nyuso. Leo hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huwashona watoto waliozaliwa na mdomo wa sungura. Mtoto asiyeweza kunyonya, na mama ambaye moto umemkunja shingo hata hawezi kuinua kichwa, wana haki ya kisu kama mwenye njaa alivyo na haki ya chakula. Atakayewazuia hao kwa jina la kuridhika na maumbile hana dini wala huruma.

Lakini wafanyabiashara wa urembo hupenda kusimama nyuma ya wagonjwa hawa na kuchungulia begani kwao. Husema: ikiwa uso wa askari waweza kutengenezwa, kwa nini pua ya mwanafunzi isitengenezwe? Mpaka uko wapi? Swali hilo ni zuri, na halijibiwi kwa hasira. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ilitolewa kwa matendo katika mji wa Berlin, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1896 tabibu Jacques Joseph aliletewa mtoto ambaye masikio yake yalitokeza sana. Wenzake walimdhihaki hata akakataa kwenda shule. Joseph alimpasua, masikio yakalala, na mtoto akatulia. Wakubwa wa tabibu huyo hawakupendezwa. Hawakuona ugonjwa wowote uliostahili kisu, wakamwondoa kazini. Yeye hakuacha. Mwaka 1898 alimpunguzia pua mtu mzima ambaye alikuwa akiona haya kutoka mbele za watu. Hoja yake ilikuwa wazi: maumivu ya moyo nayo ni maumivu, na tabibu hana ruhusa ya kuyacheka.

Hoja hiyo ina ukweli, na mtu mwaminifu haikani. Fadhaa ya mtoto yule haikuwa mchezo. Hata hivyo, na itazamwe shule aliyorudi. Aliyekatwa ni mtoto aliyedhihakiwa. Waliodhihaki hawakupata hata mkwaruzo. Hakuna aliyewapasua ndimi. Aliyekosewa alilala kitandani na kufungwa bandeji, na waliokosa walikaa katika madawati yao wakiwa wamejifunza somo moja tu, kwamba dhihaka ikiendelea vya kutosha, mwili wa mwenzao hukubali amri. Kesho yake macho yao yalikuwa tayari kumtafuta mwingine, kwa meno yake, kwa rangi yake, kwa mguu wake. Tabibu aliponya moyo mmoja na kuuacha ugonjwa wa darasa zima ukiendelea kukua. Je, hiyo ndiyo tiba?

Tena na iulizwe, ni pua gani iliyohukumiwa Berlin? Ilikuwa pua kubwa, kwa kuwa katika mji ule pua kubwa ilifanywa alama ya Wayahudi, na Wayahudi walidharauliwa. Mwaka ule ule wa 1896, tabibu Mikamo wa Japani aliandika jinsi ya kupasua kope ili ziwe na mkunjo. Huku pua kubwa ni kosa. Kule kope isiyo na mkunjo ni kosa. Na popote Mwafrika alipotawaliwa, kosa limekuwa pua pana na ngozi nyeusi. Ajabu gani hii, kwamba maumbile hukosea daima upande wa wanyonge? Haikupata kusikika kwamba watawala walipanga foleni kutaka pua za watawaliwa. Kipimo cha uzuri hutembea na nguvu kama kivuli kinavyotembea na mtu.

Na mwisho wa hadithi ya Berlin unatisha. Wapo waliopunguza pua ili wasijulikane, wakidhani kuwa uadui ulikaa puani. Joseph mwenyewe, aliyekuwa Myahudi, alifariki mwaka 1934. Mwaka 1935 serikali ya Hitler ilitoa sheria za Nürnberg za kuwatenga Wayahudi. Sheria hizo zilihesabu mababu na mabibi, hazikupima pua. Yule aliyepunguza pua na yule aliyeiacha waliingia katika orodha moja. Basi chuki haikuwa imekasirishwa na gegedu. Ilitaka watu, na pua ilikuwa kisingizio tu.

Kwamba ila ni jina kabla ya kuwa kitu, Waswahili wanao ushahidi katika vinywa vyao. Nafasi ndogo kati ya meno mawili ya mbele huitwa mwanya, na mwanya ni uzuri. Mwenye nao hucheka makusudi ili uonekane. Nafasi hiyo hiyo, ikiwa katika kinywa cha kijana wa Ulaya au Marekani, mara nyingi hupelekwa kwa daktari wa meno ikafungwa kwa waya. Meno ni yale yale na nafasi ni ile ile. Pwani moja imeiita pambo, pwani nyingine imeiita kasoro. Kama jina laweza kuugeuza upungufu kuwa johari, basi jina laweza pia kuigeuza johari kuwa upungufu, na wenye kazi ya majina wasijifanye kwamba hawahusiki.

Hapa shutuma inawafikia watu wa fasihi wenyewe. Ni riwaya ngapi ambazo msichana mwema hawezi kuingia mlangoni mpaka mwandishi ampe pua nyembamba kama ukingo wa upanga na ngozi ya maji ya kunde? Ni hadithi ngapi ambazo mwizi, mchawi na mama wa kambo hutambulikana kwa midomo minene, macho mekundu na pua iliyotandazwa? Mwanafunzi husoma, huandika majibu ya mtihani, hupata alama nzuri, kisha huenda mbele ya kioo na kujikuta katika ukurasa wa waovu. Mwalimu amemfundisha tamathali za usemi, lakini hakumfundisha kuzishuku. Daktari hunoa kisu kimoja. Waandishi wamenoa vingi kwa karne nyingi.

Watajitokeza wasemao kwamba hata wahenga walikata miili. Wamakonde walichanja nyuso, na wanawake wao walivaa ndonya katika mdomo wa juu. Wamasai walitoboa masikio na kuzivuta ndewe zao. Ni kweli, na si lazima kuzisifu desturi hizo zote, kwa kuwa nyingine zilikuwa na uchungu mkubwa na mtoto hakuulizwa. Lakini tofauti ni pana. Chale ilimwongezea mtu alama ili watu wake wamtambue. Ilifanywa kwa kujulikana, na aliyechanjwa alitembea akiionyesha. Upasuaji wa urembo, mara nyingi, humwondolea mtu alama ili asitambuliwe. Hufanywa kwa siri, na kazi iliyo bora ni ile isiyojulikana kuwa imefanywa. Ile ilisema, huyu ni wetu. Hii husema, huyu asijulikane ni wa nani.

Na irudiwe sasa hoja ya hiari. Mtu aliyesukumwa mpaka ukingoni mwa mto, akajitupa majini mwenyewe, amejitupa kwa hiari? Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama uso mpya ungekuwa haja ya kweli ya mwanadamu, usingehitaji kunadiwa usiku na mchana katika simu za vijana. Simu yenyewe ni shahidi wa uongo. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walionyesha kwa hesabu kwamba picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa kiasi cha asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa umbali wa mita 1.5. Yaani kijana hujipiga picha kwa mkono wake mwenyewe, picha humsingizia, naye huamini picha kuliko mama yake. Kisha hulipa ili pua ipatanishwe na uongo wa kioo cha simu.

Lipo na jambo zito zaidi. Mwaka 1891 tabibu Enrico Morselli wa Italia alieleza ugonjwa wa watu ambao fikira zao zimetekwa na ila ya mwili ambayo wengine hawaioni, au huiona kuwa ndogo mno. Ugonjwa huo umo katika vitabu vya utabibu mpaka leo. Mgonjwa wake hutazama kioo mara nyingi kwa siku, hukwepa watu, na baadhi yao hufika hadi kutamani kufa. Matabibu wanajua kwamba kisu humfaa mgonjwa huyo mara chache sana: pua ikirekebishwa, fadhaa hubaki pale pale au huhamia kidevuni. Anachohitaji ni tabibu wa akili na mashauri ya subira. Basi mpasuaji anayepokea fedha bila kuuliza, huyu ana nini moyoni, amekiuka wajibu wake hata kama mshono wake ni mzuri. Kila upasuaji una hatari zake. Nusukaputi si usingizi wa mchana, uvimbe wa pua waweza kuchukua mwaka mzima kwisha, na ngozi nyeusi ina mwelekeo zaidi wa kuota makovu manene yanayozidi jeraha. Mchagua nazi hupata koroma.

Lakini wahubiri wa kuridhika nao wasishangilie mapema. Kumwambia aliyedhihakiwa, ridhika ulivyoumbwa, kisha kukaa barazani na kumcheka mwingine, ni unafiki. Aliyejeruhiwa hahitaji hotuba, anahitaji haki. Siti binti Saad, aliyetoka kijiji cha Fumba, Unguja, alisimangwa na wapinzani wake kwa asili yake na kwa sura yake. Hakujificha. Aliwajibu hadharani kwa wimbo, na mwaka 1928 sauti yake ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay, ikasikika pwani yote. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Wengi hutaja habari hii kuonyesha kwamba kipaji hufidia sura. Hilo ni somo dogo, tena ni baya, maana wasio na sauti ya Siti wangebaki bila utetezi. Somo kubwa ni kwamba aliirudisha aibu kwa wenyewe. Hakukubali kuwa mshtakiwa katika kesi ambayo wengine ndio waliokosa.

Wahenga waliacha neno, hujafa hujaumbika. Wauzaji wa urembo wangependa kulitumia kama tangazo, kana kwamba lasema kazi ya kuumba haijakwisha na fundi yuko tayari. Maana yake siyo hiyo. Ni onyo kwa mwenye kucheka: usimdhihaki mwenzako kwa umbo lake, maana hujui lako litakuwaje kabla ya kufa. Neno hilo halikuelekezwa kwa mwenye pua. Lilielekezwa kwa mwenye macho. Shule iliyolifahamu humkemea mtoaji wa lakabu siku ya kwanza. Mwandishi aliyelifahamu huwapa watu wema pua za kila namna. Na tabibu aliyelifahamu huuliza kwanza ni nani aliyemtuma mgonjwa wake. Pale ambapo hao watatu wamelala, kisu hakitakosa kazi, na hakitakata mahali penye ugonjwa.