Lukasa nayo tuisome

Katika somo la fasihi ya Kifaransa tulionyeshwa picha ya kitabu cha mwaka 1913: shairi la Blaise Cendrars na rangi za Sonia Delaunay, karatasi ndefu ya karibu mita mbili iliyokunjwa mikunjo mikunjo. Kukikunjua, tuliambiwa, ndiko kukisoma. Nilikubali. Nikauliza: na lukasa ya Waluba? Nikajibiwa kwamba hiyo ni sanamu, ni kazi ya watu wa makumbusho.

Hapo ninapinga. Lukasa ni kibao cha mti kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto. Kidole cha kulia hupita juu ya shanga na michongo, na msomaji wa chama cha Mbudye husimulia habari za Mbidi Kiluwe, Kalala Ilunga na wafalme waliofuata. Rangi ya ushanga, ukubwa wake, jirani zake, vyote vina maana. Kweli, kibao kilekile hakisomwi mara mbili kwa namna moja. Na mashairi tunayofasiri kwenye mitihani, je?

Ninaomba saa mbili tu katika programu yetu, na kibao mezani, hata kilichochongwa juzi na fundi wa mjini. Tukiguse.