Mdai Kujifanya Kadhi

Kumezuka katika miji yetu mtindo ambao wengi wauona ni jambo dogo, nao ni dhulma. Mwezi waisha, mfanyakazi aenda kupokea mshahara wake, akuta nusu yake haipo. Akiuliza hujibiwa: "Tulikulipa zaidi miezi iliyopita, sasa twarudisha chetu." Hapana karatasi aliyoonyeshwa, hapana hesabu aliyofanyiwa, wala hakuambiwa neno kabla yake. Na akithubutu kunung'unika, tajiri yule, ambaye hakosekani safu ya mbele msikitini, humgeukia akawa mwalimu wa dini: "Muogope Mungu, usile haramu."

Hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu.

Natuanze na lililo kweli, asije mtu akasema sheikh awafunza watu kula mali za watu. Pesa zilizomfikia mtu kwa kosa si zake. Aliyeajiriwa kwa shilingi 20,000, akapewa 25,000 kwa kuteleza kalamu ya karani, zile 5,000 zina mwenyewe. Kutojua humwondolea dhambi, hakumwondolei deni. Na wale vijana wasemao "zimeshaingia, ni riziki yangu," hawana hoja. Na waliojua kosa hilo wakanyamaza, hao wametia na khiyana juu yake.

Lakini kusema "nilikuzidishia" ni dai, na dai si hukumu. Kila aliyekaa mbele ya mwalimu akasoma mlango wa daawa ajua kuwa ushahidi ni juu ya anayedai, na asiyekuwa nao hubakiwa na yamini ya mwenziwe tu. Basi ni wapi tajiri alipopata ruhusa ya kuwa yeye ndiye mdai, yeye ndiye shahidi, yeye ndiye kadhi, kisha yeye ndiye askari wa kutekeleza hukumu? Akimdai jirani yake, je, huingia jikoni mwa jirani akajichukulia sufuria? Haingii, kwa kuwa jirani ana mlango. Mfanyakazi hana mlango. Mshahara wake umo mkononi mwa yule yule anayemdai.

Alinijia kijana mmoja, karani wa ghala, amekatwa miezi 3 mfululizo. Tulikaa tukazitazama karatasi zake moja moja. Ile iliyoitwa ziada, sehemu yake ilikuwa ni ujira wa saa za usiku alizofanya Ramadhani, na sehemu nyingine ni zawadi ya Idi aliyopewa na tajiri mwenyewe mbele ya watu. Saa za usiku ni jasho lake. Na zawadi je? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, hiba ikishapokewa hairudi, ila ya mzazi kwa mwanawe. Sasa tajiri huyu alimzaa lini?

Na sheria za serikali hazikuliacha jambo hili. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata kilicholipwa kwa makosa kupita mshahara uliostahiki. Yamruhusu kukata kilichozidi kweli, haimruhusu kukata kwa kudhani. Na makato yote yakijumlishwa, hayapiti thuluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 20 chataka mfanyakazi asiyekuwa kibarua au wa muda mfupi apewe maandishi yanayoonyesha mshahara wake, kila kilichokatwa na sababu yake. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2004 yamkataza mwajiri kumrudishisha mtu mshahara ila ziada iliyotokana na kosa la hesabu. Tazameni neno hilo, kosa la hesabu. Tajiri aliyekubali nyongeza mwezi wa kwanza, biashara ikalala mwezi wa sita, hakukosea hesabu, amejuta tu.

Basi ukiambiwa ulilipwa zaidi, usigombe, wala usitie saini siku hiyo. Uliza ni mwezi gani, ni kiasi gani, na hesabu imefanywaje. Uliza pia kama wanadai kile kilichoandikwa au kile kilichofika mkononi, maana kodi na michango hukatwa kabla, na wengi wamerudisha pesa ambazo hawakuzishika abadan. Ikithibiti, kubali, mwandikiane mtalipana vipi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika madeni, nayo haikushuka kwa ajili ya wenye maduka pekee. Na kabla yake kidogo, katika sura hiyo hiyo ya Baqara, mdaiwa mwenye dhiki ametakiwa apewe muhula. Wakikataa kukuonyesha hesabu, nenda kwa afisa wa kazi, na usikawie, kwani Kenya daawa ya kazi ikipita miaka 3 haisikilizwi.

Wako watakaosema, "Subiri, riziki ni ya Mungu." Subira ni ibada, lakini kumsaidia dhalimu kwa kunyamaza si subira. Na mbona hatumwambii tajiri asubiri? Mishahara ya watu huichelewesha miezi miwili akisema mambo ni magumu, hali ile hadithi ya jasho la mfanyakazi aijua tangu chuoni. Lake yeye alitoa siku moja, lote.

Na majumbani mwetu je? Kuna mama ana mtumishi wa miaka 4, hana hata kijikaratasi baina yao. Mtumishi aliuguliwa na mzazi wake, akapewa nauli kwa huruma, na mtaa mzima ukajua. Mwisho wa mwezi nauli imekatwa, na sahani iliyovunjika imekatwa, yote kwa jina la "nilikupa zaidi." Kuna na kamati za madrasa zimpazo mwalimu posho mwaka mzima, kisha anakuja mweka hazina mpya na kusema ile posho ilikuwa makosa, airudishe. Kamati hiyo ina daftari. Nailifunue mbele ya mwalimu, imuonyeshe ilipoandikwa kuwa ulikuwa mkopo.