Inakonekti Lakini Haiperuzi? Usimnunie Mwenzako Bado

 

Katika safu hii tumeshazungumza sana kuhusu wivu wa simu. Leo nataka tuhamie kwenye kompyuta ya nyumbani. Najua wapo watakaosema, "Dada mhariri naye, kompyuta na mapenzi wapi na wapi?" Subiri kidogo, utaona mwenyewe.

Kilichonisukuma ni ujumbe wa dada mmoja wa Shangani, Mtwara mjini. Ni mwalimu, anafundisha huku akisoma shahada yake Chuo Kikuu Huria. Mumewe kazi zake ziko Msimbati na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Nanukuu sehemu ya ujumbe wake kwa ruhusa yake:

"Dada, kompyuta yetu ya mezani inaonesha imekonekti. Taa za ruta zinawaka, na simu yangu inatumia waifai hiyo hiyo na inaperuzi vizuri tu. Lakini kwenye kompyuta kila ukurasa nikifungua naandikiwa kwamba muunganisho wangu si wa faragha. Mume wangu ndiye aliyeikalia Jumapili kabla hajaondoka. Tangu tulipogombana kuhusu Facebook haniamini, najua kanitegea kitu humo anichunguze. Leo siku ya tisa sipokei simu yake. Kazi ya chuo natakiwa kuituma Ijumaa. Fundi nimempata, ila anataka nimwachie mashine pamoja na paswedi. Nifanyeje?"

Siku tisa! Hapo ndipo utaona kuwa tatizo la kompyuta linaweza kugusa mambo matatu kwa mkupuo: ndoa, masomo na siri za mtu. Na yote hayo yalikuwa yanakaribia kuharibika kabla ya mtu yeyote kujua ugonjwa wenyewe ni upi.

KUKONEKTI SI KUFIKA

Watu wengi wakiona alama ya waifai imejaa wanadhani mambo yote yako sawa. Sivyo. Alama ile inakwambia kitu kimoja tu, kwamba kompyuta yako na ruta wanasikilizana. Kutoka kwenye ruta kuna safari nyingine hadi kwenye mnara au waya wa kampuni ya simu, na kutoka hapo kuna safari ndefu zaidi kwenda kwenye ukurasa unaoutaka. Ni kama mtu anayetaka kwenda Dar akapanda bodaboda hadi stendi. Kupanda bodaboda siyo kufika Dar.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua safari imekatikia wapi. Na habari njema ni kwamba namna mashine inavyogoma ndiyo inayokuonesha mkosaji. Huyu dada alikuwa ameshanipa fununu kubwa bila kujua: simu inaperuzi, kompyuta haiperuzi, na ruta ni moja. Maana yake bando lipo, kampuni ya simu haina kosa, na ugonjwa umo ndani ya kompyuta yenyewe.

TAREHE NDIYO ILIYOKUWA MCHAWI

Nikamuuliza swali moja tu: "Hebu angalia kona ya chini kulia, kompyuta inasema leo ni tarehe ngapi?" Akanijibu kuwa inasema ni Januari 1, 2012. Nikamuuliza tena kama umeme ulikatika Jumapili ile. Akasema ndiyo, ulikatika jioni, mumewe akiwa ameshaondoka.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, bapa kama sarafu, mara nyingi ile ya volti 3 inayoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuitunza saa ya mashine wakati umeme haupo. Betri hiyo ikishazeeka, kila umeme unapokatika kompyuta inasahau tarehe na kurudi miaka ya nyuma kabisa.

Sasa utauliza, tarehe inahusiana nini na kuperuzi? Inahusiana sana. Karibu kila ukurasa siku hizi una cheti chake cha utambulisho, na cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Septemba 2020 brauza kubwa zilianza kukataa vyeti vipya vinavyodumu zaidi ya siku 398. Kompyuta inayoamini kuwa tuko 2012 ikioneshwa cheti cha juzi, inaona ni cha kughushi maana kwa kalenda yake siku hiyo haijafika. Inafunga mlango na kukwambia muunganisho wako si wa faragha. Simu haikusumbuka kwa sababu yenyewe huchukua saa kwenye mtandao.

Umeona, msomaji wangu? Neno "faragha" alilisoma mtu mwenye jeraha moyoni, akasikia "unachunguzwa". Kumbe ilikuwa betri tu.

Dada alirekebisha tarehe, mwaka na saa, akafunga brauza na kuifungua tena, kurasa zikafunguka. Kazi ya chuo aliituma Alhamisi usiku. Betri ilibadilishwa yeye akiwa amesimama pale pale. Nilipomuuliza kuhusu shemeji, alinijibu kuwa saa ilikuwa rahisi kurekebisha, ila zile siku tisa bado wanaendelea kuzizungumza.

MENGINE YA KUANGALIA KABLA HUJANUNA

Si kila tatizo litakuwa la tarehe, hivyo fuata utaratibu huu.

Kwanza, jaribu kifaa kingine kwenye waifai hiyo hiyo. Vyote vikigoma, angalia bando, maana taa za ruta zinaweza kuendelea kuwaka hata kama salio limekwisha. Kisha muulize jirani anayetumia kampuni nyingine. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu karibu na Afrika Kusini na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurejea. Siku kama hizo ungeweza kuifungua kompyuta vipande vipande na usikute kosa lolote.

Pili, hili ni la ndugu zangu wa kando ya Mto Ruvuma, kama vile Kilambo na Mahurunga. Ukiwa unaunganisha kompyuta kwa hotspoti ya simu, angalia jina la mtandao juu ya kioo. Karibu na mpaka simu inaweza kukamata mnara wa Msumbiji. Utaona mistari imejaa na kompyuta imekonekti, lakini data haitembei kwa sababu huduma ya ng'ambo haijawashwa. Usikimbilie kuiwasha, gharama yake inaweza kukuliza. Ingia kwenye mipangilio ya simu uchague mwenyewe mtandao wako wa nyumbani.

Tatu, pima kama tatizo ni la majina. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Ukiandika jina la tovuti, kuna huduma inayoitwa DNS inayokutafutia namba yake, kama vile simu yako inavyojua namba ya "Mama Mkwe" bila wewe kuikumbuka. Huduma hiyo ikilala, umekonekti lakini hakuna unakokwenda. Kwenye Windows tafuta cmd, kwenye dirisha jeusi andika ping 8.8.8.8 kisha bonyeza Enter. Halafu andika ping google.com. Namba ikijibu na jina likashindwa, mgonjwa ni DNS. Zima ruta dakika moja, iwashe. Ikigoma, ingia kwenye mipangilio ya mtandao na uweke DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1, zote ni za bure.

Nne, angalia proksi na VPN. Watu wengi waliweka VPN za bure wakazisahau, licha ya kwamba Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaozitumia waziandikishe. VPN ikiwa imekwama, brauza inasubiri njia ambayo haipo. Izime ujaribu tena. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna sehemu ya proksi pia. Kama imewashwa na si wewe wala ofisi yako mliyoiwasha, izime, kisha ipitishe mashine kwenye programu ya kuua virusi.

Na kama tarehe ni sahihi lakini onyo lile la faragha linakuja kila ukurasa, hapo usilazimishe wala usiandike paswedi ya benki. Inawezekana kweli kuna programu imekaa katikati yako na ukurasa.

NA KAMA KWELI ANAKUZUIA?

Sitaki kukudanganya kwamba wenza wote ni malaika. Wapo wanaobadilisha paswedi ya ruta ili mwenzao akose intaneti, na wapo wanaofungia kurasa fulani. Lakini mkono wa mtu una dalili zake. Mara nyingi hitilafu haina ubaguzi, inagonga ukurasa wowote na saa yoyote. Mtu huchagua. Ukiona Facebook tu ndiyo haifunguki na mengine yote yanafunguka, au intaneti inakata saa nne usiku kila siku, au akaunti yako imefungwa na yake iko wazi kwenye mashine ile ile, hapo una haki ya kuuliza.

Nimesema kuuliza, siyo kununa. Kuwawekea watoto mipaka mtandaoni ni malezi. Kumwekea mipaka mtu mzima mwenzako kwa siri ni kumtawala, na hilo linazungumzwa mezani, ikibidi mbele ya wazee mnaowaheshimu. Ila nenda ukiwa na ushahidi mkononi. Ukienda na hisia tupu, kisha ikabainika ni betri, siku utakayokuwa na kesi ya kweli hakuna atakayekusikiliza.

FUNDI NA SIRI ZAKO

La mwisho ni huyu fundi. Mafundi waaminifu ni wengi, lakini kubadilisha betri hakuhitaji paswedi yako. Kabla ya kumpelekea mashine, hamisha picha na nyaraka zako kwenye flashi na utoke kwenye akaunti zako za barua pepe na mitandao. Ikibidi aingie ndani, mfungulie akaunti ya muda na ukae naye hadi amalize. Picha ya faragha ikishatoka kwenye mashine hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, hivyo anayesambaza taarifa zako bila idhini anaweza kuwajibishwa. Lakini sheria huja baada ya maumivu, tahadhari huja kabla.

Msomaji wangu, nyumba nyingi ziko kama kompyuta ile. Watu wanaishi pamoja, wanasalimiana, ukiwatazama kwa nje wamekonekti kabisa, lakini hakuna neno linalofika kwa mwenzake. Ukiona hivyo, anza na swali dogo kabla ya hukumu kubwa. Swali halina gharama, na mara nyingi jibu lake liko kwenye kona ya chini kulia.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.