Kama huna hela ya bomba, huna hela ya moto

SEHEMU YA 3: Nyumba mpya na meko ya gesi

Wamama wa Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya na wote mnaojenga kwenye baridi, hii ni yenu. Mkaa tumeshauongelea. Leo tuongee hiki kitu kipya: meko ya gesi ya kuotea moto sebuleni. Unaiona mtandaoni imepachikwa ukutani chini ya tivii, miali inacheza, mtoto kakaa kwenye zulia. Inapendeza, sikatai. Fundi naye anakwambia, "Dada, hii ni gesi, haitoi moshi, hata bomba haihitaji."

Hapo kwenye "hata bomba haihitaji" ndipo mimi na fundi tunapogombana.

1. Kutoona moshi siyo kukosa sumu.
Gesi ikiungua inakula hewa ya chumbani. Hewa ikipungua, au meko ikiwa chafu, inaungua vibaya na kutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu ya gesi unayoijua imewekwa makusudi ili ujue mtungi unavuja. Gesi ikishaungua harufu hiyo haipo. Sumu hii inashika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Yaani unapumua vizuri tu, lakini mwili unakosa hewa.

2. Nyumba mpya ndiyo hatari zaidi.
Nyumba ya bibi ilikuwa na mapengo kati ya ukuta na paa, hewa inapita utakavyo usitake. Wewe umepiga dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye mpira, na mlango umewekea kitambaa chini baridi isiingie. Moto ni uleule, ila umeufungia ndani pamoja na wanao.

3. Mtoto anaumia kwanza.
Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo anavuta sumu nyingi kwa muda mfupi. Kwa mjamzito, damu ya mtoto aliye tumboni inaishika sumu hii kwa nguvu kuliko damu ya mama, na inachelewa kuiachia. Mama unaweza kuhisi kichwa tu, kumbe mwenzio tumboni ana hali mbaya.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea. Utasema malaria. Lakini jiulize: mbona tumeumwa nyumba nzima siku moja, hakuna mwenye homa, na tukitoka nje tunapata nafuu? Ukiona hivyo, toeni watu wote nje, zima moto kama unaweza bila kukaa ndani, nendeni hospitali.

Na ukifika, tamka hivi: "Nesi, tulikuwa na moto wa gesi ndani." Ni muhimu, kwa sababu kile kifaa tunachokubana kidoleni hakitofautishi oksijeni na sumu hii. Kinaweza kusoma 98 mtu akiwa anakufa. Usiposema, unaweza kurudishwa nyumbani na panadol, ukalale palepale.

4. "Mbona Wazungu wanazo?"
Wanazo, ndiyo. Nyingi zimefungwa kioo mbele na zina bomba la njia mbili: hewa inaingia kutoka nje, uchafu unatoka nje. Na California, Marekani, hita za gesi zisizo na bomba zimepigwa marufuku kwenye nyumba za kuishi. Sisi tunaambiwa ni za kisasa!

5. "Serikali si imesema tuhamie gesi?"
Imesema, na mimi nipo upande wake. Mkakati wa nishati safi wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. KUPIKA. Safi hapo maana yake ni kuliko kuni na mkaa. Kupika maharage dirisha likiwa wazi siyo sawa na kuwasha moto saa nane usiku mmefunga kila kitu.

6. "Bomba linaharibu paa, halafu ghali."
Hapa ndipo ninapokasirika. Hela ya marumaru ya kung'aa ipo. Hela ya taa za darini ipo. Ya bomba la kumlinda mtoto ndiyo haipo? Na hiyo "nafuu" utailipia: kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Bila bomba, mvuke wote unabaki ndani. Ukuta mpya unaota ukungu, mtoto mwenye pumu anabanwa kifua.

7. Mwambie fundi hivi, kabla hajapiga lipu:
– Nataka meko iliyofungwa kioo, yenye bomba la kutoka nje. Vinginevyo acha.
– Chumbani kwa kulala isiwekwe kabisa.
– Mtungi ukae nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni anapotambaa mtoto.
– Kengele ya kaboni monoksaidi iwekwe karibu na vyumba vya kulala. Ile ya gesi inayovuja ni kifaa kingine, usiuziwe moja ukadhani ni zote.
– Wavu wa kuzuia mbele ya kioo. Kioo hicho kinaweza kupita nyuzi joto 200, na kiganja cha mtoto hakijui.
Masizi yakianza kuonekana kwenye kioo au ukuta, zima, mwite fundi gesi.

Akikucheka, tafuta fundi mwingine. Yeye akimaliza kazi anakwenda kulala kwake. Wanaolala hapo ni wanao.

Kama huna hela ya bomba mwaka huu, nunua blanketi zito na soksi za watoto. Hakuna aibu. Meko itakuja siku bomba litakapokuja.

Mtumie mumeo hii leo, kabla ukuta haujafungwa. Sehemu ya 4: hita ya gesi ya maji bafuni. Nayo ina maneno yake.