Meno 42 na Shemeji Mmoja

KIBARAZANI na Bi Kidawa

Shemeji yangu karudi tena na vituko vyake.

Jumamosi nilipita kwake Tabata, nikamkuta uani kamkalia Bosi, mbwa wake wa miaka minane. Mtoto kashika taya, baba kashika brashi ya viatu na dawa ya meno ya nyumba nzima. "Ananuka mdomo, shemeji. Na ugali kaususia."

Nikamwambia aiweke chini hiyo dawa. Mbwa hasukutui, anameza. Dawa zetu zina floraidi, na nyingine zina zailitoli, utamu ambao kwa mbwa ni sumu. Kisha nikachungulia. Ukoga ulishakuwa ukoko, wa kahawia, umegandia magego, na fizi zinavuja damu. Ukoko huo hauondoki kwa brashi. Anaubandua daktari wa mifugo, mbwa akiwa kwenye nusukaputi, maana ulio mbaya zaidi umejificha chini ya fizi. Jino lililooza linang'olewa.

"Nusukaputi kwa mbwa?" Akacheka mpaka akajishika mbavu. Nyuma yake, kijana wa kuosha magari alikuwa anang'arisha rimu, moja baada ya nyingine, kwa mswaki. Mswaki mpya!

Hapo nikapandwa na hasira. Sisi mbwa tunamfuga kama kengele ya geti: maadamu inalia, nzima. Bosi angesuguliwa kila siku tangu udogoni, kwa mswaki laini na dawa ya wanyama, ukoga usingepata muda wa kuwa jiwe. Badala yake alirushiwa mifupa ya supu, eti itamsafisha. Ilimsafisha kweli: gego moja lilipasuka.

Na nyie wenye paka msinicheke. Paka anatokwa udenda, anatafuna upande mmoja, anaifuata sahani kisha anaikimbia, nanyi mnasema anaringa, kazoea dagaa wa jirani. Haringi. Anaumwa.

Mwezi uliopita gego la shemeji liliuma. Moja tu. Mtaa haukulala, hadi muuza chipsi wa kona alijua ni la juu, kulia. Bosi ana meno 42, na usiku ule alikuwa getini, kimya, akimlinda mgonjwa.