Fataki Haina Jini

Nimechoka na neno moja linalosemwa katika maduara yetu, kuanzia Nyarugusu hadi upande wa Kahama: "Baruti imegoma, hapa pana mkono wa mtu." Nimechoka nalo kwa sababu nimelisikia mara nyingi likitangulia msiba.

Mlipuaji amepakia matundu sita. Amewasha tambi, amepanda juu, na watu wanahesabu milio: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kimya. Ungetegemea hapo watu waulize habari za tundu la sita. La hasha! Mmoja atakumbuka kwamba jana mwanamke alipita karibu na duara. Mwingine atasema dawa ya mganga imekwisha nguvu. Mwenye duara, ambaye anahesabu mafuta ya jenereta na unga wa wachimbaji, atasema fataki za siku hizi ni mbovu, kisha atamtuma kijana ashuke akaangalie. Katika duara moja nililofanyia kazi, kijana alishuka hata moshi haujaisha. Alirudi na uhai wake, akaacha vidole vitatu. Jioni ile alitafutwa mchawi. Hakuna aliyeuliza utambi ulikatwaje.

Mtazameni mtu anayeijua bunduki yake. Risasi isipolia, hafungui kufuli papo hapo. Huelekeza mtutu mahali salama na kungoja, kwa kuwa baruti yaweza kuchelewa kushika moto. Kisha huitoa risasi na kuikagua kitako. Je, alama ya pini kwenye fataki ni hafifu? Huenda springi ya pini imechoka, au grisi imeganda, au nafasi kati ya kufuli na kitako cha risasi imezidi, hata pini ikaisukuma risasi mbele badala ya kuigonga sawasawa. Je, alama ni nzito na bado haikulia? Sasa ndipo fataki na unyevu hushukiwa. Fataki ni mshtakiwa mmoja kati ya wengi, wala si lazima awe wa kwanza.

Duarani ni vivyo hivyo. Utambi ulioloa maji huweza kuzimika njiani. Utambi uliokatwa vibaya, au usiofika mwisho ndani ya fataki, huacha pengo, na pengo hilo laweza kumeza moto. Fataki iliyochomoka kwenye baruti hulia peke yake. Tundu la jirani likitangulia laweza kukata utambi wa mwenzake. Sababu hizi zina wenyewe: ni mikono yetu, stoo yetu yenye unyevu, haraka yetu. Ndiyo maana hatuzipendi. Ukimlaumu jini, hakuna wa kudaiwa fidia.

Wachimbaji wa Cornwall, Uingereza, nao waliamini kwamba vijitu visivyoonekana hugonga ndani ya miamba. Lakini William Bickford, mfanyabiashara wa ngozi wa huko, aliona watu wakifa kwa milipuko isiyo na saa, akaitafuta sababu katika utambi wenyewe. Mwaka 1831 alipata hataza ya utambi wa nyuzi zilizosokotwa kuzunguka baruti, unaoungua kwa mwendo unaojulikana. Tambi zetu ni wajukuu wa kazi ile. Tumerithi kamba yake, tukaiacha akili yake.

Na sisi wa Usukumani tungepaswa kuwa wa kwanza kuiogopa tabia ya kutafuta mchawi pale panapotakiwa sababu. Bibi zetu wa Shinyanga waliuawa kwa macho mekundu, nao walikuwa wametumia umri wao wote jikoni kwenye moshi wa kuni na samadi. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 tulisikia ndugu zetu wenye ualbino wakikatwa viungo kwa ahadi za waganga za utajiri, dhahabu ikiwamo. Huo ni mti mmoja, na lile neno la duarani ni tawi lake.

Nitajibiwa kwamba kungoja kuna gharama, kwamba mchimbaji hulipwa kwa mawe, halipwi kwa saa. Najua, nimekula mawe hayo. Kwa hiyo lawama yangu haimwendei kijana anayeshuka, inamwendea anayemtuma. Milio ihesabiwe na iandikwe. Mmoja ukipungua, au watu wakitofautiana hesabu, duara lifungwe kwa nusu saa au zaidi. Kisha ashuke mlipuaji mwenye cheti, yule yule aliyepakia. Asiuvute utambi, wala mtu asichoronge tena katika tundu la zamani. Na muda wa kungoja uhesabiwe kuwa kazi, kama kuchoronga kulivyo kazi.

Mwenye duara asiyetaka kungoja nusu saa, na ashuke yeye mwenyewe.